Isipowaka, Ichukuliwe

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Nimeshambuliwa wakati wa chai ya asubuhi. Mshambuliaji: mke wangu wa ndoa ya miaka thelathini na minne. Silaha: futi ya kupimia nguo.

Mama Pacha alipima ukuta wa sebule chini ya dirisha. Akapima meza ya cherehani yake. Kisha akasimama mbele ya pikipiki, akaitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyesahau kuaga. Akasema amepata kazi: sare za shule, mia moja na ishirini, anaanza Jumatatu ijayo. Macho yake si ya zamani, anahitaji mwanga. Mwanga uko dirishani. Sasa dirishani yuko nani?

Nikamwambia si "yuko nani" bali "kuna nini", kwa kuwa pikipiki haina uhai. Akasema ndicho anachojaribu kunieleza: haina uhai, huu mwezi wa kumi na nne.

Nilikunywa chai.

Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo niandike ukweli. Pikipiki hii ilinipeleka na kunirudisha miaka ishirini na sita kutoka kiwanda cha uchapaji, nilikokuwa msahihishaji, mimi na kalamu yangu nyekundu. Pacha wetu waliipanda kwenda hospitali kabla hawajazaliwa, ingawa siku hiyo sote tulidhani ni mtoto mmoja. Mwaka jana niliiingiza sebuleni kwa wiki moja tu, kwa sababu ya mvua. Mvua iliisha. Wageni wakazoea kutundika makoti kwenye usukani. Mama Pacha huiita "mke mwenzangu", na akifagia huizunguka bila kuisalimu.

Hukumu: Jumamosi adhuhuri mdogo wake atakuja na gari la mizigo aichukue. Shemeji haitaki pikipiki. Anataka injini, aifunge kwenye pampu ya maji. Pampu!

Niliomba tuandikiane mkataba. Alikubali upesi mno. Nimeuandika kwa mkono wangu, nakala mbili: "Pikipiki ikiwaka, na ikaendelea kuwaka mpaka Mama Pacha amalize kikombe kimoja cha chai, itabaki. Kabla ya Jumamosi adhuhuri isiondolewe na mtu, wala dirishani isiwekwe cherehani. Isipowaka, ichukuliwe."

Saini mbili. Hakuna koma iliyokosewa. Mama Pacha alitia saini akiwa na pini tatu mdomoni.

Siku tano. Injini ya kabureta ni kitu cha wazi, haina siri. Inahitaji cheche, petroli na hewa, basi. Mtu aliyesoma kurasa laki moja kutafuta nukta iliyopotea hawezi kushindwa na vitu vitatu.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Nimeitoa nje, uani. Nimepiga kiki arobaini. Amekataa.

Nimesoma upya sentensi hiyo na kuikata kwa wino mwekundu. Imekataa. Chombo hakina "a-".

Nikaanza na cheche. Nilifungua plagi, nikaiegesha kwenye chuma cha injini, nikapiga kiki kwa mguu huku nimeishikilia plagi kwa mkono. Cheche ipo. Nathibitisha kwa mkono wa kushoto, ambao mpaka saa kumi ulikuwa bado unatikisika peke yake. Mama Pacha alichungulia akauliza nampungia nani.

Petroli. Niliifungulia koki nikakinga kwenye kopo. Ilitoka ina rangi ya chai ya rangi na harufu ya vanishi. Nimeimwaga yote, nikanunua mpya, nikajaza tangi mpaka shingoni, nikakaza kifuniko kwa nguvu. Kiki thelathini. Kimya. Goti langu limeanza kutoa sauti ambayo injini haitoi.

Mama Pacha amesema mwite Fundi Kiraka. Amesema kwa sauti ya kawaida, kana kwamba hajui.

Anajua vizuri. Fundi Kiraka ndiye fundi pekee mtaani anayezielewa injini za zamani. Bwelasuti yake ina viraka vingi kuliko kitambaa. Lakini juu ya karakana yake kuna kibao kilichoandikwa PIKIPIKI ZA AINA ZOTE NA VITU INGINE. "Vitu ingine". Nilipita chini ya kibao hicho mwaka mzima, kila siku, kama mtu mwenye jiwe kwenye kiatu. Hatimaye Jumapili moja, karakana imefungwa, nilibeba ngazi na rangi, nikaongeza V mbele ya INGINE. Herufi safi, ya kichapaji. Nilitarajia shukrani. Fundi alisema V hiyo imekuwa nyekundu na kibao ni cha buluu, na kwamba tangu siku hiyo wateja wanamuuliza kama amehamia kwenye siasa. Akanipiga marufuku mpaka nimwombe radhi.

Kuomba radhi kwa ajili ya upatanisho wa ngeli! Nimemwambia Mama Pacha kwamba heri nisukume pikipiki mpaka kaburini. Akasema nisiisukume kupitia sebuleni, ameshapiga deki.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Mpango mzuri sana. Kushauriana na fundi bila kushauriana na fundi.

Nilimpigia simu kwa namba ya Mama Pacha mwingine, wa duka la dawa, ambaye hakuuliza sababu. Nilibana pua. Nilijitambulisha kuwa mkulima kutoka mbali, nina mafua, nina pikipiki ya zamani, cheche ipo, petroli mpya ipo, haiwaki. Fundi aliuliza kama inapiga hata chafya. Nikasema hapana. Akasema hapo mafuta yanayofika ni kidogo, hewa ndiyo mingi. "Punguza hewa kwanza, mzee wangu, halafu piga kiki."

Nikasema nyingi. Hewa nyingi.

Kisha akauliza, taratibu sana, ng'ombe wa huko shambani hawajambo, na kalamu nyekundu nayo haijambo? Nikakata simu.

Hata hivyo nilikuwa nimepata ushauri, tena wa bure. Nilirudi nyumbani nikapunguza hewa. Tairi la mbele, kisha la nyuma. Nilipunguza kwa ukarimu, ili kusiwe na shaka.

Kiki ishirini. Hakuna. Pikipiki ilizidi kukaa chini tu, kama mtu aliyesikia habari mbaya.

Saa tisa akaja Shemeji, eti kupima kama injini itaenea kwenye fremu ya pampu. Akatazama matairi yote mawili. Akauliza ni nani aliyetoboa. Nikamweleza kwa utulivu kwamba nimepunguza hewa kwa maelekezo ya kitaalamu. Shemeji alienda kuegemea ukuta wa jirani. Aliporudi alikuwa amefuta macho. Akasema, "Baba Pacha, hewa ya kabureta. Si umesikia choki? Ile ya kuvuta?"

Kosa ni la fundi. Alisema "hewa" bila kusema hewa ya nini. Sentensi yenye adabu ingesema "hewa iingiayo kwenye kabureta". Nimemweleza hivyo Mama Pacha. Amesema kwamba hata yeye ameniambia "punguza maneno" miaka thelathini na minne, na hajawahi kuhitaji kusema maneno ya nini.

Shemeji aliondoka na pampu yake ya kujazia upepo. Hiyo ndiyo roho ya mtu huyu.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Asubuhi nilivuta choki na kupiga kiki mpaka petroli ikachuruzika chini. Imekunywa mno. Nimeiacha ipumue. Matairi nimeyajaza kwa pampu ya baiskeli. Kila tairi mapumziko mawili.

Wakati wa mapumziko ya nne nilisoma mkataba. Hapo nikaona jambo lililonifanya nisimame.

"Wala dirishani isiwekwe cherehani. Isipowaka, ichukuliwe."

Isipowaka nini? Pikipiki ni ya ngeli ya I-ZI. Cherehani ni ya ngeli ya I-ZI. Kiambishi ni kimoja. Na nomino iliyo karibu zaidi na "isipowaka" si pikipiki, ni cherehani! Kwa sarufi tupu, inayopaswa kuwaka Jumamosi ni cherehani. Na cherehani, kwa maumbile yake, haiwaki. Hushona. Basi Shemeji akija na gari lake la mizigo, achukue cherehani, akashonee maji.

Sikutaka kuichukua kweli. Nilitaka tu kumshika, kisha nimsamehe kwa sharti pikipiki ibaki. Nilivaa koti. Nilimwita Mama Pacha sebuleni, nikamsomea mkataba nimesimama, nikafafanua ngeli, kiambishi, na kanuni ya ukaribu wa nomino. Dakika kumi na tano hivi. Alisikiliza mpaka mwisho huku anatia uzi kwenye sindano. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kunisikiliza hivyo tangu uchumba.

Nilipomaliza, aliinama, akachomeka waya ukutani, akabonyeza kitufe. Kitaa kidogo cha cherehani, kile kilicho juu ya sindano, kikatoa mwanga wa manjano.

"Imewaka," akasema. "Sasa ya kwako, mume wangu."

Nimevua koti.

Siku mbili. Jioni hii nilikaa uani nikalipangusa tangi. Karibu na kifuniko kuna mkwaruzo alioufanya pacha wa pili kwa kijiko akiwa na miaka miwili. Nimeupangusa pia. Nilimwambia asijali, ataamka tu, bado ana nguvu.

Sikukata kwa wino. Kalamu ilikuwa ndani.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Nimekwenda karakana. Kwa miguu, mchana kweupe, kila mtu akiona.

Fundi Kiraka alikuwa amelala chini ya pikipiki ya mtu. Alitambua viatu vyangu. Akasema karibu, mkulima. Mafua yamepona?

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Niliandaa aya tatu. Alinikatiza kwenye ya kwanza. Akasema radhi ya maneno mimi naimudu sana, haimtoshi. Akasimamisha ngazi, akaniwekea kopo la rangi ya buluu na brashi, akaonyesha kibao kwa kidevu. Niifute V.

Nilimwuliza kama anaelewa anachoniomba. Akasema anaelewa, ndiyo maana ameomba.

Nilipanda. Sitaki kuandika mengi. Nilikuwa juu ya ngazi nikiifuta herufi sahihi kwa mkono wangu mwenyewe, ule ule uliolipwa miaka ishirini na sita kuiweka. INGINE. Chini watu wawili walisimama kutazama, mmoja akauliza kama karakana imeuzwa. Nilimwona Shemeji akilini, ananyunyizia mchicha wake maji kwa injini iliyowaleta wanangu duniani. Nikamalizia mstari wa mwisho wa V.

Niliposhuka fundi alikuwa ameshabeba mfuko wake wa spana. Hakucheka. Hapo nilimheshimu kidogo.

Uani alifungua kabureta kwa muda ambao mimi hutumia kuvaa miwani. Ndani ya bakuli lake la chini kulikuwa na utando wa petroli iliyokauka, kama asali ya kale. Akatoa kipande cha shaba kidogo kuliko punje ya mchele, akakielekeza juani, akanipa nichungulie. Kina kitundu katikati, akasema. Sikuona kitundu. Akasema ndiyo shida yenyewe: hapo ndipo petroli hupita wakati wa kuwasha, na hapajapita kitu mwaka mzima. Mama Pacha akaleta brashi ngumu ya kusafishia cherehani. Fundi akang'oa unywele mmoja, akapitisha, akapuliza, akanipa tena. Nikaona nukta ya mwanga.

Nimetafuta nukta maisha yangu yote. Sijawahi kuona iliyo nzuri namna ile.

Alifunga kila kitu. Kiki moja, chafya. Kiki ya pili, akaamka. Ngurumo ile ile, yenye kikohozi kidogo mwishoni. Mama Pacha alikuwa mlangoni, ameshika brashi, na sitasema uso wake ulikuwaje kwa kuwa aligeuka haraka.

Fundi akasema iachwe iwake robo saa, tuone kama itashikilia. Nikasema haina haja, tusimalize petroli, na nikaizima mwenyewe baada ya dakika mbili. Mtu mwenye ushindi hana sababu ya kuukagua. Akanitazama. Akasema haya, kesho atapita, endapo tu.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Niandike kwa mpangilio.

Saa sita kasorobo. Shemeji amefika, amerudisha gari nyuma mpaka getini, ameshusha ubao wa nyuma na kuandaa kamba. Fundi Kiraka amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Mama Pacha amekaa kwenye kigoda mlangoni, na kikombe. Si kikombe cha kawaida. Ni kile kikubwa chenye maua, kinachoingia chai ya watu wawili. Mkataba unasema "kikombe kimoja" bila kutaja ukubwa. Kosa langu. Chai inafuka moshi.

Saa sita kamili. Kiki ya kwanza, ameamka! Shemeji akatazama kamba yake. Nilisimama kando ya pikipiki, mikono nyuma, kama mkaguzi. Mama Pacha akapuliza chai, akanywa funda dogo. Akapuliza tena. Hana haraka. Akamwuliza Shemeji habari za mtoto wake mkubwa, na Shemeji akaeleza yote, darasa kwa darasa.

Robo ya kikombe. Ngurumo safi.

Karibu nusu ya kikombe. Ngurumo ikameza mate. Nikajifanya sikusikia. Ikameza tena. Nikazungusha mafuta kidogo, ikapanda, ikashuka, ikaanza kukohoa kile kikohozi kirefu cha mtu anayekosa pumzi. Shemeji akachukua kamba. Fundi akainuka, akasema mzee fungua, fungua. Nikamwuliza nifungue nini, akasema tena fungua, nikamwambia ataje kwanza kinachofunguliwa. Hatukusikilizana kwa kelele. Niliweka mkono juu ya tangi. Nilikuwa nikimsihi. Sikumbuki ngeli niliyotumia.

Nilipogeuka, Mama Pacha ameinua kikombe chenye maua kwa mikono miwili, amerudisha kichwa nyuma, na anakunywa. Nusu nzima, chai ya moto vile, bila kushusha. Machozi yalimtoka. Akakipindua kikombe juu chini mbele yetu sote. Tone moja likaanguka.

"Kimekwisha," akasema, kwa ulimi mzito.

Injini ikazimika.

Nilipiga makofi. Shemeji alimtazama dada yake kwa muda mrefu, akatikisa kichwa, akaanza kukunja kamba. Fundi alitazama chini. Nadhani waliona aibu kwa kushindwa.

Baadaye fundi alifungua kifuniko cha tangi. Kikatoa mlio wa "fyuuu", kama mtu aliyeachiwa koo. Akakigeuza. Kina kitundu kidogo juu, cha kuingizia hewa, ili petroli ishuke. Kitundu kilikuwa kimezibwa kwa nta ya mshumaa, nadhifu kabisa. Akauliza ni mwendawazimu gani aliyefanya hivi. Nikasema vumbi huingia popote. Ilikuwa kazi nzuri, nilitumia mshumaa mzima.

Alizibua kwa ukucha. Tukawasha tena. Iliwaka saa nzima, mpaka jirani akaja kuuliza kama tuna msiba.

Kabla ya kuondoka Shemeji aliomba futi, ya kupima tu, akasema, kwa kuwa amekuja bure. Pikipiki ikigeuzwa ubavu, usukani ukakunjwa ukutani, cherehani inaenea dirishani na nafasi ya kigoda inabaki. Tumezipanga. Zinaenea. Safari hii Shemeji amesahau pampu yake ya upepo hapa. Sikumkumbusha.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Asubuhi tulivu. Nimempeleka Mama Pacha mpaka mwisho wa barabara na kumrudisha. Alinishika kiuno kwa nguvu. Sikumwambia alegeze.

Tuliporudi nilimfanyia tathmini ya mkataba, kwa upole, kwa faida yake. Nimemweleza kwamba alikuwa na ushindi mkononi. Alikuwa na kikombe kikubwa, alikuwa na muda, na angekunywa taratibu tu, kama alivyoanza, injini ingezimika kabla yake. Lakini kiu ilimponza. Nimemshauri kwamba siku nyingine akiwekeana sharti na mtu, ale na kunywa kwanza.

Ulimi bado unamuuma. Aliniwekea mkono begani kidogo akapita kwenda jikoni.

Sasa kuna jambo dogo. Nikiwa njiani nilisikia ngurumo ina kigugumizi, kwenye ile sehemu ya kupunguza mwendo. Fundi Kiraka alisema jana kabureta isiguswe tena na mtu. Ila alisema "na mtu", si "na mwenyewe". Nimemtazama alivyoifungua. Si kazi ya ajabu.

Nimeitandaza mezani kwa Mama Pacha, kwa kuwa dirishani kuna mwanga mzuri sana, juu ya kitambaa cheupe kilichokuwa hapo, chenye alama za chaki za mabega na mikono. Vipande kumi na vinne. Springi moja iliruka ikaingia mahali fulani ndani ya cherehani. Itatoka yenyewe akianza kushona kesho.

Ameuliza kutoka jikoni nafanya nini huko kimya kimya.

Nimesema nasoma.